Somo la 9: Kukijua Chumba kwa Sauti Yake

(Somo hili limesomwa redioni. Limepigwa chapa ili wanakisomo walisome tena darasani pamoja na mwalimu wao. Maneno yaliyo ndani ya mabano yaonyesha sauti zilizosikika.)



Wiki iliyopita tulijifunza kupima chumba: urefu mara upana mara kimo, tukapata ujazo wake. Leo tutaitumia hesabu hiyo katika kazi mpya. Tutajifunza kukijua chumba kwa kusikiliza sauti iliyonaswa ndani yake. Kwanza, tegeni masikio.

(Kofi la kwanza linasikika. Sauti yakatika mara moja.)

(Kofi la pili linasikika. Sauti yaendelea, kisha yafifia polepole.)

Wewe unayesoma ukurasa huu hukuyasikia makofi hayo, basi nitakueleza. Kofi la kwanza lilikuwa fupi na kavu, kama kijiti kinachovunjika. Kofi la pili lilikuwa na mkia. Liliendelea kuvuma hata baada ya mikono kutulia. Aliyepiga ni mtu yule yule, kwa mikono ile ile, na kinasa sauti kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni chumba tu. Kofi la kwanza lilipigwa hapa studio, ambapo kuta zimefunikwa kwa vitu laini. La pili lilipigwa katika darasa tupu lenye sakafu ya saruji, kuta za matofali yaliyopigwa lipu, na bati juu.

Waliosikia makofi yale hawakuviona vyumba vyenyewe. Hata hivyo walijua kwamba kimoja ni laini na kingine ni kigumu. Nani aliyewaambia? Sauti yenyewe. Kila sauti inayonaswa chumbani hubeba alama ya chumba hicho, kama maji ya kisima yanavyobeba ladha ya ardhi yalikotoka.

Jambo hili latuhusu nini?

Labda utauliza: "Mimi nataka kusoma na kuandika. Mkia wa kofi wanihusu nini?"

Swali ni jema. Jibu lake limo katika daftari lako la imla.

Tuseme mwalimu anasoma imla. Anasema: "Juma alipata rangi." Mama mmoja aliyeketi nyuma anaandika: "Juma alipaka rangi." Sentensi yake ina maana kamili, na herufi zake ni nzuri. Lakini si ile aliyoisema mwalimu. Mwalimu anatia alama ya kosa. Wiki ya pili anatia tena, na ya tatu tena. Mwishowe yule mama anajiambia: "Akili yangu imezeeka. Kisomo si changu." Anafunga daftari, anakwenda zake nyumbani, harudi.

Je, kosa ni la nani?

Tazama maneno haya: pata, paka, pasa, paza. Yote yana a mbili. Kinachoyatenganisha ni herufi moja katikati. Sasa, sauti ya a ina nguvu na huchukua muda. Lakini t, k na s ni sauti dhaifu na fupi mno. Katika chumba chenye mkia mrefu, a ya kwanza haifi upesi. Inaendelea kuvuma wakati mwalimu anapotamka t, na ile t inafunikwa. Mama wa nyuma anasikia "alipa...a". Hana budi kukisia. Akikisia vibaya, tunamwita mzito.

Mtu mzima ambaye masikio yake yameanza kupungua nguvu hupata taabu hii kuliko kijana. Kadhalika mtu ambaye Kiswahili si lugha aliyozaliwa nayo, maana si rahisi kwake kukisia neno lililofunikwa. Na watu wa namna hizi mbili ni wengi katika madarasa yetu.

Basi kabla ya kumlaumu mwanafunzi, na tukipime chumba.

Sauti huenda wapi?

Sauti husafiri hewani. Mwendo wake ni kama meta 340 kwa sekunde moja. Mwalimu anaposema neno, sehemu ya sauti humfikia mwanafunzi moja kwa moja. Sehemu nyingine hugonga ukuta, ikarudi. Hugonga bati, ikarudi. Hugonga sakafu, ikarudi tena. Kila inapogonga, sehemu kidogo humezwa na kinachobaki hurudishwa. Saruji, lipu, kioo na bati humeza kidogo sana. Blanketi nene, godoro, makuti na nguo za watu humeza zaidi. Dirisha lililo wazi humeza yote, kwa maana sauti ikishatoka nje hairudi.

Ukisimama mbele ya mlima au ukuta mkubwa ulio mbali, ukapiga kelele, utasikia sauti yako ikirudi peke yake. Huo ni mwangwi. Ndani ya chumba sauti hurudi mara nyingi mno, kwa haraka, hata masikio hayawezi kuzitenganisha. Zinaungana kuwa mkia mmoja. Katika somo hili mkia huo tutauita mvumo.

Hii ndiyo sababu sauti ya mwalimu yaweza kuwa safi katika banda la makuti lililo wazi pande zote, ikawa mbaya katika darasa jipya la saruji. Sisemi tubomoe madarasa mapya. Darasa la saruji latukinga na mvua na upepo, na ladumu. Nasema tu kwamba lina deni moja ambalo halijalipwa, na deni hilo twaweza kulipima.

Mtu aliyepima kwa sikio

Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, kule Marekani, kilikuwa na jumba jipya la sanaa lililoitwa Fogg. Ukumbi wake wa mihadhara ulipendeza kwa macho, lakini wasikilizaji hawakuweza kumfuata msemaji. Neno moja liliendelea kuvuma kwa sekunde zaidi ya 5, na katika muda huo msemaji, hata akisema polepole, alikwisha kutamka silabi 12 hadi 15 nyingine. Fikiri maneno hayo yote yakirundikana kama mizigo mlangoni pa basi.

Kazi ya kutafuta dawa alipewa mwalimu kijana wa fizikia, Bwana Wallace Sabine, ambaye alikuwa na umri wa miaka 27 tu. Alifanya kazi usiku, wakati mji umetulia. Alitumia bomba la kinanda kutoa sauti, akaikata ghafla, akasikiliza mpaka ikapotea kabisa, huku akipima muda. Kisha alichukua matakia ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, akayaleta machache, akapima. Akaongeza, akapima tena. Kila alipoongeza matakia, mvumo ulipungua.

Kutokana na kazi hiyo Bwana Sabine alipata kanuni ambayo mafundi wa majengo wanaitumia hata leo. Kanuni yenyewe ni hii:

Muda wa mvumo = 0.16 × ujazo wa chumba ÷ umezaji wa chumba.

Muda ni wa sekunde. Ujazo ni wa meta za ujazo. Umezaji twauhesabu kwa meta za mraba za dirisha lililo wazi. Maana yake, tukisema chumba kina umezaji wa 10, tunasema kwamba kuta, sakafu, dari na vyombo vyote vya chumba hicho vinameza sauti sawa na dirisha lililo wazi lenye meta 10 za mraba. Na muda wa mvumo ni muda ambao sauti huchukua mpaka nguvu yake ibaki sehemu moja katika milioni.

Bwana Sabine aliitumia elimu hiyo katika kujenga ukumbi wa muziki wa mji wa Boston, uitwao Symphony Hall, uliofunguliwa mwaka 1900. Hata leo unasifiwa kuwa miongoni mwa kumbi bora za muziki duniani.

Sasa zamu yako

Bwana Sabine hakuwa na kinasa sauti. Wewe huenda unacho. Simu nyingi za mkononi zina programu ya kunasa sauti, na darasa zima laweza kutumia simu moja. Fuata hatua hizi.

Kwanza, chagua wakati wa utulivu, alfajiri au usiku. Kelele za nje zitaufunika mkia wa sauti, nawe utadhani umekwisha kumbe bado upo.

Pili, funga milango na madirisha, watu watoke, wabaki wawili tu. Andika katika daftari: tarehe, jina la chumba, idadi ya watu waliomo, na kama madirisha yamefungwa.

Tatu, weka simu juu ya kiti, mbali na kuta. Mpigaji asimame umbali wa hatua nne au tano. Akisimama karibu mno, simu itashtushwa na kofi lenyewe na haitausikia mkia vizuri.

Nne, washa kinasa sauti, nyamaza kidogo, kisha piga kofi moja kubwa. Usiseme neno, usikanyage, mpaka sauti iishe kabisa. Puto likipasuliwa ni bora kuliko kofi, kwa kuwa mlio wake una nguvu na una sauti nene pia. Hata mfuko wa karatasi uliojazwa hewa wafaa.

Tano, rudia mara tatu.

Sasa kaeni msikilize. Mmoja ashike saa yenye kuhesabu sekunde. Kofi likisikika, aanze; mkia ukipotea, asimamishe. Sekunde mbili ni muda mfupi, na kidole huchelewa. Basi kuna ujanja mmoja. Ikiwa simu yaweza kucheza sauti kwa mwendo wa nusu, icheze hivyo. Mkia utachukua muda mara mbili, nawe utapata nafasi ya kuupima vizuri. Ukipata sekunde 4, gawanya kwa 2. Muda wa kweli ni sekunde 2. Jumlisha vipimo vitatu, gawanya kwa 3, upate wastani.

Hapa sina budi kukuonya. Simu nyingi hujirekebisha zenyewe: sauti ikipungua, simu huipandisha. Hii ni nzuri kwa mazungumzo lakini si nzuri kwa kupima, kwa sababu mkia huonekana mrefu kuliko ulivyo. Kwa hiyo hesabu utakayopata ni makadirio. Lakini ukitumia simu ile ile, umbali ule ule na kofi lile lile katika vyumba viwili, utajua bila shaka kipi kina mvumo zaidi.

Hesabu ya darasa moja

Chukua kalamu. Tuseme darasa lako lina urefu wa meta 8, upana wa meta 6, na kimo cha meta 3.

Ujazo: 8 × 6 × 3 = 144.

Zidisha kwa 0.16: 0.16 × 144 = 23 na kitu kidogo. Tuseme 23.

Umepiga kofi na kupata mvumo wa sekunde 2, chumba kikiwa kitupu. Twataka kujua umezaji wake. Tunaigeuza kanuni: 23 ÷ 2 = 11.5. Darasa zima, pamoja na kuta zake zote, lameza sauti sawa na dirisha wazi la meta 11 na nusu za mraba tu. Ona jinsi kofi moja lilivyokueleza jambo juu ya kuta ambazo hukuzigusa.

Sasa waingie wanakisomo 24. Mtu mzima aliyeketi na nguo zake humeza karibu nusu meta ya mraba. Basi 24 × 0.5 = 12. Jumla 11.5 + 12 = 23.5. Mvumo mpya: 23 ÷ 23.5, yaani karibu sekunde 1. Watu wenyewe wameupunguza mvumo kwa nusu. Ndiyo maana darasa lililojaa husikika vizuri kuliko lenye watu wachache, endapo watu wamenyamaza.

Je, sekunde 1 yatosha? Marekani wameweka kipimo cha madarasa ya ukubwa kama huu: mvumo usizidi sekunde 0.6. Kwa kipimo hicho twahitaji 23 ÷ 0.6, yaani umezaji wa 38. Tunao 23.5. Tumepungukiwa na 14.5. Hilo ndilo deni nililolitaja. Sasa tunajua kiasi chake.

Kofi halisemi yote

Usije ukadhani kwamba sekunde za mvumo peke yake zatosha kukieleza chumba. Chukua ukumbi wenye ujazo wa 1,440, mara kumi ya darasa lako, na umezaji wa 115. Ukifanya hesabu utapata sekunde 2, sawa na darasa lako tupu. Vyumba viwili tofauti kabisa, na muda mmoja.

Basi mafundi huvitofautisha namna gani? Husikiliza mwanzo wa mkia. Katika chumba kidogo, sauti ya kwanza ya kurudi hufika upesi sana. Katika ukumbi mkubwa hukawia. Unaweza kujizoeza nje. Simama mbele ya ukuta mkubwa wa ghala, mbali nao, unase kofi na mwangwi wake. Ikiwa kati ya kofi na mwangwi pana nusu sekunde, sauti imekwenda meta 340 × 0.5 = 170. Hiyo ni safari ya kwenda na kurudi. Gawanya kwa 2: ukuta uko umbali wa meta 85. Ndani ya chumba mwanya huo ni mfupi mno kwa sikio, lakini kompyuta yauona.

Kompyuta huona mengi mengine. Mwaka 1965 mwanafizikia Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Marekani, Bwana Manfred Schroeder, alieleza njia ya kuusoma mkia ulionaswa kwa kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Mfano wake ni mtungi unaovuja. Ukitazama matone, mengine makubwa, mengine madogo, utachanganyikiwa. Lakini ukihesabu kila wakati maji yaliyobaki ndani, utaona yanashuka kwa utaratibu. Yeye alihesabu sauti iliyobaki, na mpaka leo njia yake inatumika.

Tena, siku hizi si lazima kupiga kofi. Kompyuta yaweza kukadiria mvumo kutokana na mazungumzo ya kawaida yaliyonaswa, kwa kuchungulia pale msemaji anaponyamaza ghafla na mkia wa neno lake la mwisho ukabaki peke yake. Kazi hii ni ngumu kuliko ya kofi, kwa sababu haijulikani msemaji alitamka kwa nguvu gani, na kelele za nje huchanganyika humo. Mwaka 2015 chuo cha Imperial cha London kiliwashindanisha wataalamu katika kazi hiyo, kila mmoja na njia yake, ili ijulikane zipi zakaribia ukweli.

Kanisa lililoungua

Mwaka 2013 mtaalamu aitwaye Brian Katz na wenzake waliingia katika kanisa kuu la Notre-Dame, mjini Paris, Ufaransa, wakiwa na vinasa sauti. Walitoa sauti za kupimia, wakanasa jinsi jengo linavyozijibu, wakaziweka kumbukumbu zao. Wakati huo kanisa lilikuwa zima, na mtu angeweza kusema kwamba wanajisumbua bure.

Tarehe 15 Aprili 2019 kanisa lilishika moto. Paa la mbao liliteketea, mnara wake mrefu ukaanguka, na dari la mawe likatobolewa. Walipopima tena baadaye, mvumo ulikuwa umepungua, kwa kuwa jengo lenyewe lilikuwa limebadilika, na sauti ilipata matundu ya kutokea. Mawe na mbao mafundi waliweza kuvipima kwa macho na kamba. Lakini sauti ya kanisa lilivyokuwa kabla ya moto ingepatikana wapi? Ilikuwa imo katika zile kumbukumbu za 2013. Kwazo wataalamu walitengeneza mfano wa kanisa ndani ya kompyuta, ili ijulikane kila badiliko la ujenzi litafanya nini kwa sauti. Kanisa lilifunguliwa tena Desemba 2024.

Kwa hiyo sauti iliyonaswa ni ushahidi. Yaliyoandikwa leo katika daftari yaweza kumsaidia mtu kesho. Nawe pia tunza kumbukumbu za darasa lako. Ukimwendea mwenyekiti wa kamati ya shule ukamwambia, "Mzee, darasa lina kelele," atakujibu kwamba watu wanyamaze. Lakini ukimwonyesha daftari na kusema, "Mzee, tumepima mara tatu, mvumo ni sekunde 2, tumepungukiwa na kiasi hiki," atakusikiliza kwa namna nyingine.

Dawa yake

Twarudi darasani. Deni letu ni 14.5. Tutalilipaje?

Madirisha: ukifungua manne, kila moja lenye meta 1 ya mraba, unapata 4. Lakini angalia nje kuna nini. Ikiwa kuna barabara au mashine ya kusaga, utapunguza mvumo na kuongeza kelele.

Dari: tuseme unafunika nusu ya dari, yaani meta 24 za mraba, kwa kitu laini, kinene, chenye vitundu vidogo, ambacho humeza nusu ya sauti inayokigonga. Unapata 12. Sasa 23.5 + 12 + 4 = 39.5. Gawanya 23 kwa 39.5, unapata chini kidogo ya sekunde 0.6. Deni limelipwa.

Kama fedha za dari hazipo, ning'iniza mablanketi mazito au magunia yaliyokunjwa mara kadhaa kwenye ukuta wa nyuma. Usiyabandike ukutani. Yaache shubiri moja mbali na ukuta, maana kitambaa kilicho mbali kidogo na ukuta humeza sauti vizuri kuliko kilichogandamana nao. Rangi ya ukutani haimezi kitu. Kitenge chepesi humeza kidogo mno. Na zile trei za mayai ambazo watu hubandika ukutani hazisaidii kama wanavyodhani. Ni nyembamba mno kwa sauti ya mwanadamu.

Nalo bati lina taabu nyingine: kelele ya mvua. Hiyo si mvumo, na kofi halitakuonyesha. Lakini dari laini chini ya bati husaidia hapo pia.

Kuna na dawa isiyogharimu hata senti moja. Sauti inayotoka moja kwa moja kinywani mwa mwalimu hupungua upesi kadiri unavyokwenda mbali. Ukiongeza umbali mara mbili, nguvu yake hubaki robo. Lakini mvumo ni karibu sawa chumba kizima. Kwa hiyo aliye mbele husikia mwalimu, na aliye nyuma husikia chumba. Acheni safu ndefu. Kaeni nusu duara kumzunguka mwalimu, na wenye masikio mazito wakae karibu naye zaidi. Wala si haya kufanya hivyo.

Na wewe, ndugu mwalimu, usipige kelele. Ukipaza sauti, mvumo nao hupanda kwa kiasi kile kile, na hujapata faida. Sema polepole. Nyamaza kidogo baada ya kila fungu la maneno, mkia upate kufa kabla hujaanza lingine. Katika imla, taja neno ndani ya sentensi mara mbili. Na mwanakisomo akikosea kati ya pata na paka, mwite mbele, umsomee tena kwa karibu. Akiandika sawasawa, basi umeshajua kosa lilikuwa wapi, naye pia amejua.

Kazi ya wiki hii

1. Pimeni darasa lenu kwa kofi, likiwa tupu, kisha likiwa na watu. Andikeni tofauti.

2. Darasa lina urefu wa meta 10, upana wa meta 5, na kimo cha meta 3. Mvumo ni sekunde 3. Tafuta umezaji wake.

3. Kati ya kofi na mwangwi kuna robo sekunde. Ukuta uko umbali gani?

Maswali ya kuzungumza

1. Katika kijiji au mtaa wenu, ni jengo gani ambalo maneno hayasikiki vizuri? Lina sakafu gani, kuta gani, paa gani?

2. Je, yuko mwenzetu aliyeacha kisomo kwa kuwa hakuwa akisikia? Tufanyeje ili arudi?

3. Darasa letu laweza kupata wapi vitu laini bila gharama kubwa?

Maneno ya somo

Mwangwi: sauti moja inayorudi kutoka mbali.
Mvumo: mkia wa sauti unaobaki chumbani baada ya sauti yenyewe kukatika.
Umezaji: kiasi cha sauti ambacho chumba hakirudishi.
Makadirio: hesabu iliyo karibu na ukweli.

Majibu ya hesabu tutayasoma wiki ijayo, saa ile ile. Tutajifunza pia jinsi sikio linavyofanya kazi na jinsi ya kulitunza. Mpaka hapo, ndugu wanakisomo, kwaherini.

(Kofi la mwisho linasikika. Wasikilizaji waambiwa waseme: ni chumba kigumu, au ni laini?)